Jembe Ambalo Wengine Waliliita Upawa

Perpetua aliniandikia ujumbe mfupi kutoka Butihinda: “Shemeji, kuganduka ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Familia inakuomba ufike, na kama una neno, uje nalo.” Kuganduka, kwetu Burundi, ni siku ya kuvua matanga. Mtu huzikwa, miezi hupita, watu hurudi mashambani, lakini wafiwa hubaki mikononi mwa msiba mpaka siku hiyo, ambapo ukoo na majirani hukusanyika, na msemaji wa familia husimama akauliza kama yupo mwenye neno lililobaki kati yake na marehemu. Anayenyamaza hapo amenyamaza moja kwa moja. Mimi ni Mwislamu wa mjini Gitega, na matanga yetu huenda kwa hesabu nyingine, lakini nimehudhuria siku hizo kwa majirani zangu Wakristo mara nyingi kiasi cha kuujua uzito wa swali lile. Niliusoma ujumbe katika chumba cha walimu, nikaitia simu mfukoni, nikaenda kufundisha mekanika kwa saa mbili bila kukosea mstari hata mmoja ubaoni. Marehemu Onesmo, mume wa Perpetua, angelijua hilo angecheka. Alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama nitaomba kwanza kuona ratiba.

Neno ninalo, na umri wake ni miaka minane. Linahusu mwaka mmoja wa shule, nilipokuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao wakati ule niliuona kuwa wa utu uzima na leo nauona kuwa wa ujana, kwa sababu tu ya uhakika niliokuwa nao. Onesmo alifika shuleni kwetu Mushasha, mtaa wa Gitega, mwezi wa Septemba, akitokea Butihinda, mkoani Muyinga, akiwa na sanduku moja la bati na suruali mbili zilizopigwa pasi kwa mkaa. Alikuwa amekulia kambini Tanzania na kumalizia sekondari hukohuko. Karatasi za hapa zilimwandika Onésime; yeye aligeuka haraka zaidi akiitwa Onesmo. Shule ilimpokea kwa muda ili anisaidie somo la fizikia, kwa sharti moja lililowekwa wazi tangu siku ya kwanza: kwa kuwa vyeti vyake vya kambini havikutambuliwa, ilimpasa kabla ya mwisho wa mwaka wa shule alete kazi yake binafsi ya kisayansi, iliyothibitishwa kwa saini ya mkuu wa somo, ipelekwe mbele ya tume ya kuthibitisha walimu. Akiileta, angebaki kuwa mwalimu. Asipoileta, angerudi Butihinda kulima mihogo ya baba yake. Mkuu wa somo nilikuwa mimi.

Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya mishumaa ya kanisa, na mpaka leo, jua la alasiri linapopiga bati, kuta hutoa harufu ya nta. Mashine zilikuwa sita. Zilizofanya kazi zilikuwa mbili, na moja kati ya hizo mbili ilihitaji kupigwa kofi ubavuni. Humo ndimo Onesmo alimonionyesha kitu alichokigundua kwenye simu yake. Katika nchi za mbali wataalamu wamejenga mitambo ya kusikiliza mawimbi ya mvutano, yaani mtikisiko unaosafiri angani pale ambapo nyota zilizokufa zinagongana na kumezana. Mtambo mmoja una mikono miwili ya mabomba, kila mkono wa kilomita kadhaa, na ndani yake mwale wa leza huenda na kurudi kati ya vioo vilivyoning’inizwa kwa uangalifu wa kutisha. Wimbi likipita, mkono mmoja hurefuka kwa kiasi kidogo kuliko kiini cha atomu. Kifaa chenye sikio la namna hiyo husikia pia kila kisichohitajika: lori barabarani, upepo, bahari iliyo mbali, hata ndege, tulisoma, waliokuwa wakidonoa barafu iliyoganda juu ya bomba. Kelele hizo za ghafla, ambazo Onesmo aliziita vishindo, zinaweza kuufunika ujumbe wa nyota au kujifanya ndio ujumbe wenyewe. Kwa hiyo wataalamu huzigeuza kuwa picha, mandhari ya bluu yenye michirizi ya njano, muda ukienda kulia na sauti ikipanda juu, na huwaomba watu wa kawaida duniani kote wazitenge kwa maumbo. Kulikuwa na vitufe vya maumbo yanayojulikana, ambayo sisi tuliyaita kwa Kiswahili chetu: tone, mluzi, samaki, matao. Na mwishoni kabisa kulikuwa na kitufe kilichosema: hakuna kati ya haya.

Nilikubali mara moja, na sikukubali kwa ajili ya nyota. Nilikubali kwa sababu ilikuwa kazi ya kusahihisha, nami najivunia kusahihisha. Wasomaji ambao hawakupata kuketi katika mitihani ya taifa hawajui utaratibu wetu. Walimu wawili hukaa na karatasi moja. Wa kwanza hutoa alama, wa pili huihakiki, wakitofautiana mwenye cheo ndiye anayeamua, na karatasi haiinuki mezani bila alama. Kuacha karatasi bila alama ni uzembe, na nimewahi kumfukuza mtu mezani kwa hilo. Utaratibu huo niliuhamishia kwenye picha za kelele bila kujiuliza swali. Nilichora mistari katika daftari kubwa, safu ya namba ya picha, safu ya pendekezo la Onesmo, safu ya uamuzi wangu kwa kalamu nyekundu. Kitufe cha mwisho nilikipiga marufuku.

“Sasa picha isiyofanana na chochote, Mwalimu Hamisi, tuifanye nini?” aliniuliza siku ile ya kwanza.

“Utaangalia tena mpaka ifanane.”

“Na isipofanana?”

“Basi hujaangalia.”

Alinitazama, akatabasamu, akaandika. Nimeyarudia mazungumzo hayo mafupi mara nyingi kuliko aya nilizohifadhi utotoni. Nililelewa ndani ya ukali na bado nauamini. Sitaki msomaji adhani naandika ili kuusifia ulegevu, ambao umeharibu shule zetu kuliko vita. Lakini ukali una haki ya kuishi pale tu unapoanza na yule anayeutumia, na mwaka ule mimi sikujihakiki hata mara moja. Hapakuwa na msahihishaji wa pili juu yangu.

Tulifanya kazi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, siku ambazo umeme ulikuwepo. Ukikatika, tulishuka kula kwa Mama Zaina, ambaye chumba chake cha chakula kilikuwa na benchi tatu na pazia la maua lililotenga jiko. Alitupa wali wa maharage, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa vizuri, na siku za bahati ndagala wa kukaanga wa kutoka Ziwa Tanganyika. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ulimi usiolala.

“Eti ninyi walimu munaangaliaka foto za kelele,” alisema siku moja akiweka sahani. “Kelele nayo iko na foto?”

“Iko, Mama Zaina,” Onesmo akamjibu kwa lafudhi ya hapa, aliyoiga vibaya.

“Bon, basi mukuje kwangu mupige foto ya bwana yangu akilala. Mutapata samaki, mutapata matao, mutapata na ng’ombe.”

Onesmo alicheka mpaka akapaliwa. Nami nilicheka, naungama. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka pamoja bila mmoja kumwangalia mwenzake kwanza.

Ilikuwa baada ya Krismasi alipoanza kuliona jembe. Katika picha nyingine, chini kabisa, kulikuwa na tao moja nene, na kutoka ukingo wake wa kulia mstari mwembamba ukipanda kwa kulala, kama jembe lililoegemezwa ukutani. Kwangu mimi lilikuwa tao. Mstari ule niliuita uchafu wa picha. Nikaandika matao kwa wino mwekundu. Wiki iliyofuata likaja lingine, na lingine tena. Onesmo akanunua daftari lake la mistari, la jalada la kijani, akaanza kuyachora kwa penseli za rangi, moja baada ya jingine, akinakili chini ya kila mchoro ile namba ndefu ya sekunde inayoonyesha wakati kelele iliposikika.

“Linarudi kwa vipindi, Mwalimu,” aliniambia akiwa bado amesimama, daftari kifuani. “Nimetoa namba moja kutoka kwa nyingine. Kelele ya bahati mbaya haina adabu ya namna hii. Hiki ni chombo kinachojiwasha. Ni mota, kama pampu.”

“Umeiona hiyo pampu?”

“Nimeisikia.”

“Picha haisikiki, Onesmo.”

“Kambini nyumba yetu ilikuwa jirani na pampu ya maji. Nimelala pale miaka kumi na moja. Ikiwashwa, kwanza inanguruma chini, ardhi inatikisika, halafu sauti inapanda nyembamba, inapanda, mpaka ishike mwendo wake. Mngurumo ndio hili tao. Huo mstari ni sauti inayopanda. Mimi nikiangalia picha hii naona wanawake wanaanza kupanga ndoo.”

Nilimwambia kwamba kumbukumbu za kambini si ushahidi. Niliyatamka maneno hayo kwa sauti ya upole, na upole huo sasa naona ulikuwa mbaya kuliko kama ningelifoka. Nikachukua kalamu nyekundu: matao.

Mwezi wa Mei, nikiwa nangoja chaki mlangoni mwa ofisi, nilimsikia mkuu wa masomo wa shule nzima akizungumza ndani na mtu wa utawala. “Yule mwalimu wa kutoka Muyinga, mi siko na neno naye. Anafundisha muzuri. Lakini dosie yake ya vyeti iko na shida. Hamisi akimusinia, tutamutetea. Hamisi asipomusinia, mi nitasema nini huko juu?” Yule mwingine akauliza Hamisi ni mtu wa namna gani. Mkuu wa masomo akasema: “Hamisi haachiliaka kitu.” Niliondoka bila chaki, nimejaa fahari. Miaka minane baadaye sentensi ile ingali sikioni mwangu, na fahari yake imegeuka kuwa kitu ambacho sipendi kukitaja.

Juni Onesmo aliniletea kazi yake. Ilikuwa ndani ya daftari lilelile la kijani, kwa kuwa mashine ya kuchapa ilikuwa imekufa: michoro ya majembe, jedwali la nyakati, maelezo ya kurasa kumi na mbili kwa mwandiko usio na doa, akihitimisha kwamba hii ni aina ya kishindo isiyo na jina bado, inayotokana yamkini na mota inayojiwasha karibu na mtambo. Ukurasa wa mwisho alikuwa amepiga mstari kwa rula na kuandika juu yake: Imethibitishwa na mkuu wa somo. Alikaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya magoti, akaningoja nisome. Katika kile chumba cha nta nilisoma kila neno. Sikupata kosa la hesabu. Sikupata kosa la lugha. Nikafungua daftari letu kubwa, nikaliweka kando ya lake.

“Hapa ndipo penye shida,” nikamwambia. “Picha zote unazoziita jembe, katika kumbukumbu zetu ni matao. Nikisaini hii, ninasema tulidanganya mwaka mzima.”

“Hatukudanganya, Mwalimu. Tulikosea. Si kitu kimoja.”

“Tume itauliza kwa nini hakuna hata picha moja iliyowekwa kwenye kitufe cha mwisho.”

“Ulikikataza wewe.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita wewe kwa namna hiyo. Nilifunga daftari lake, nikamrudishia bila saini. Hakusihi. Alisimama, akalibana chini ya kwapa, akasema, “Sawa, kaka,” neno ambalo hakuwahi kunitumia kabla, akatoka. Mwisho wa mwezi alilibeba sanduku lake la bati kurudi Muyinga. Mimi nilimsaidia kulifunga kamba, na nililifunga vizuri, kwa mafundo matatu.

Mwaka mmoja baadaye, nikipitia peke yangu ukurasa ule wa picha, nilikuta tangazo. Watu wa kujitolea wa nchi za mbali, wasiojuana, walikuwa wamekusanya picha zilizowekwa kwenye kitufe cha mwisho, wakaona umbo moja linajirudia: tao chini, mkono mwembamba ukipanda kulia. Wao waliliita upawa, kwa kuwa kila mtu hutazama kutoka jikoni au shambani kwake. Mafundi walikwenda kutafuta, wakapata mota ya mashine ya kupoza hewa iliyokuwa ikijiwasha kwa vipindi. Ikazimwa, upawa ukakoma. Chini yake yaliorodheshwa majina ya waliouona kwanza, mmoja fundi cherehani, mwingine dereva mstaafu. Nilihesabu nyuma. Onesmo alikuwa ameliona kabla yao wote, na picha zake tulizituma zikiwa na jina nililolichagua mimi.

Sikumwambia. Nilijipa sababu nzuri: mtandao wa Butihinda ni mbovu, kumfungulia mtu kidonda si huruma, tume haifunguliwi upya. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na kwa pamoja zilikuwa uongo. Tulisalimiana kwa simu kila Krismasi yake na kila Idi yangu, nikamuuliza mihogo, akaniuliza wanafunzi, na mara zote kabla ya kukata kulikuwa na kimya kifupi upande wake, ambacho nilikijaza haraka kwa kumtakia afya njema. Ini lake lilipoanza kuharibika, sikujua. Nilipata habari alipokuwa amekwisha kuzikwa.

Jumamosi ile, Butihinda, tuliketi chini ya maturubai yaliyofungwa kwenye nguzo za mikaratusi, nami nikapewa Fanta huku wenzangu wakingojea pombe ya ndizi, ambayo haimiminwi kabla ya maneno kwisha. Wengi pale walikuwa wamerudi kutoka Tanzania kama alivyorudi marehemu, na Kiswahili chao kilinirudishia sauti yake kutoka kila upande, hata nikageuka mara mbili. Msemaji alikuwa Mzee Bonaventura, mdogo wa baba yake Onesmo, mtu mrefu aliyevaa koti la suti juu ya ndala. Aliuliza swali. Mtu mmoja akasema kuhusu mpaka wa shamba, likaamuliwa. Akauliza tena. Nikasimama.

Nilisema yote, kwa utaratibu, kama ninavyofundisha: mtambo, picha, kitufe, pampu, saini, tangazo. Nilipomaliza, Mzee Bonaventura hakuonyesha hasira wala huruma.

“Kwa hiyo, Mwalimu, ilikuwa mota kweli?”

“Ilikuwa mota, Mzee.”

“Kama ile ya kambini?”

“Kama ile.”

Nyuma yake wanawake wawili walitazamana, na mmoja akatikisa kichwa polepole, akasema kwa sauti ya chini, “Ile pampu, jamani.” Kisha Perpetua aliinuka kutoka kwenye mkeka, akaingia ndani, akarudi na daftari la kijani. Jalada lilikuwa limelainika kama kitambaa.

“Alijua, shemeji,” akasema. “Lile tangazo alilisoma kwenye simu ya jirani, mwaka uleule. Nilimwambia akupigie akuulize. Akasema hapana, Hamisi si mtu wa kuficha, atasema mwenyewe. Kila ulipopiga simu alitoka nje kupokea, akirudi namuuliza: amesema? Ananijibu: bado.”

Alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho. Mstari wa rula ulikuwapo, na maneno yake juu, na chini hapakuwa na kitu. Mzee Bonaventura aliutazama, akanitazama.

“Neno la marehemu huisha leo,” akasema. “Kama hii ilikuwa haki yake, mpe.”

Nilipapasa mfuko wa shati nikakuta kalamu nyekundu. Nikairudisha. Mzee akanipa yake, ya bluu, iliyotafunwa mwishoni. Nililaza daftari juu ya kiti cha plastiki, nikapiga goti, nikaandika jina langu lote, cheo changu, na tarehe ya siku hiyo, kwa kuwa kuandika ya mwaka ule kungekuwa kudanganya. Hakuna tume itakayoipokea. Perpetua aliupuliza wino ukauke, akalifunga daftari, akalirudisha ndani. Kisha msemaji akaangalia kushoto na kulia, akauliza mara ya tatu kama bado yupo mwenye neno, na kwa kuwa hakuna aliyesimama, akatangaza kwamba matanga yameisha, na vijana wakaanza kumimina.